Kota ya uani kuegemea fensi ya mpakani na jirani, kuna sheria hapo au ni wivu tu?

mama_wawili_kibada: Wakuu habari za jioni, naombeni msaada wa haraka maana fundi jumatatu anaanza kupandisha tofali. Nina kiwanja Kibada kimepimwa, 20 kwa 20, nyumba kubwa iliisha mwaka juzi na kibali nilichukua, sasa nyuma nataka vyumba viwili na choo nipangishe, fundi anasema tuegemeze kwenye fensi tuokoe ukuta mmoja. Jirani, mzee wa watu, kaja juu anasema lazima niache nafasi la sivyo anaenda manispaa. Mbona mtaa mzima kota zimegusa ukuta?? Ana haki au ananionea tu?

sinza_kwetu: Dada we jenga. Huku kwetu Sinza hakuna aliyeacha hata nafasi ya paka kupita, na watu wanakula kodi kila mwezi. Mpelekee mzee soda yaishe.

mchora_ramani: Soda haisaidii mkuu usimpoteze dada wa watu. Mama, mzee yuko sahihi. Kiwanja kilichopimwa kinaongozwa na Sheria ya Mipango Miji ya 2007 na kanuni zake, na kila jengo linatakiwa liache nafasi mbele, ubavuni na nyuma, vipimo vinategemea kiwanja chako ni ujazo (wingi wa nyumba eneo hilo) mkubwa, wa kati au mdogo, so usichukue namba za shemeji yako wa Mbezi Beach ukazileta Kibada. Angalia ramani yako yenye mhuri, utaona mishale imeandikwa mita ngapi kila upande. Halafu kile kibali ni cha nyumba kubwa TU, kota ni jengo jipya, inaombewa yake. Na kuna kitu mafundi hawasemi, wanaangalia pia majengo yote kwa pamoja yamekula asilimia ngapi ya kiwanja, unaweza ukaacha nafasi vizuri tu na bado ukakataliwa.

Kingine, usipime kutoka kwenye fensi, pima kutoka kwenye bikoni, yale mawe ya mpaka waliyoweka wapimaji. Fensi nyingi hapa Dar zilijengwa kwa macho.

tabata_mabatini: Mimi nilikuwa upande wa huyo mzee. Jirani aliegemeza banda lake kwenye ukuta wangu, bati limelala kwangu, hakuna gata. Masika ya kwanza tu maji yakachimba mfereji chini ya dirisha la jikoni, mchanga wote ukaenda, msingi ukabaki nje kama meno. Na shimo lake la choo liko hatua nne kutoka kisima changu!! Tulisalimiana miaka tisa, siku hizi tunaonana kwa mjumbe tu.

mama_wawili_kibada: Duh, hilo la maji sikuliwaza. Na je nikihamishia mbele nikaweka fremu mbili za duka?

mchora_ramani: Mbele ndo pagumu zaidi. Kwanza kiwanja ni cha makazi, biashara ni matumizi mengine. Pili kama unapakana na barabara kuu au ya mkoa kuna hifadhi ya barabara, yaani eneo lililotengwa kwa ajili ya barabara, tangu Sheria ya Barabara ya 2007 ni mita 30 kila upande kutoka katikati, zamani ilikuwa 22.5. Na usidhani ni 30 kila mahali, Kimara mpaka Kiluvya ilikuwa mita 121.5 kila upande, 2017 watu wameamka wanakuta X ya kubomolewa kwenye nyumba za ghorofa sembuse fremu.

sinza_kwetu: Haya nimenyoosha mikono. Ila semeni ukweli, wangapi humu mna kibali cha banda la kuku?

mama_wawili_kibada: Mrejesho wakuu. Leo asubuhi nimemwita kijana wa upimaji, bikoni ya nyuma tumeitafuta nusu saa, tumeikuta chini ya mpapai WANGU, ndani kwangu. Maana yake fensi niliyoijenga mimi imeingia kwa mzee karibu hatua moja na yeye miaka yote kanyamaza. Fundi nimemsimamisha. Sasa hivi natafuta maneno ya kwenda kuongea naye, mnisaidie naanzaje.

tabata_mabatini: Anza na shikamoo mama. Na papai moja.