Tupeane uzoefu: waliofufua MTB (baiskeli ya milimani) ya zamani kwa hela ya kuungaunga

KijanaWaNgarenaro
Wakuu, habari zenu. Nimepata MTB ya kizee, fremu ya chuma, gia 21, ilikuwa imetupwa kwenye banda la kuku la jamaa mmoja huku Ngaramtoni. Kaniachia kwa 50,000. Mnyororo umeganda, bomba la siti limegoma kutoka, breki ya mbele haina waya. Nimebaki na kama laki moja na mwezi ndio kwanza unaanza. Wapo walioniambia niipeleke kwa wa chuma chakavu, wapo wanaosema nianze na rangi. Mliopitia njia hii, hapa Chuga (Arusha) au Moshi, mlianzia wapi na hela iliishia kwenye nini? Nataka stori zenu wenyewe, za kusikia tunazo nyingi.

GololiMoja
Rangi weka mwisho mkuu, au usiweke kabisa. Yangu niliinunua kwa wauza mitumba pale Kilombero, ilikuwa inatia aibu kuikokota barabarani. Kabla hujatoa hata mia, pitisha kidole chini ya lile bomba la chini, pale linapokutana na bomba la usukani. Ukikuta rangi imekunjamana au chuma kimevimba, hiyo iligonga kitu kwa mbele na fremu imepinda. Hapo ndipo inakuwa ya chuma chakavu kweli. Kutu ya juujuu isikutishe.

Halafu angalia namba iliyogongwa kwenye bomba la siti likishatoka. Ikiwa milimita 26.8 au 27.2, mara nyingi hiyo fremu ni ya chuma kizuri, bomba zake ni nyembamba na nyepesi. Ikiwa 25.4, mara nyingi ni chuma cha kawaida, nzito, ila itakubeba miaka mingi tu.

Hela yangu iliishia kwenye vinavyozunguka na vinavyosimamisha: gololi, grisi, mnyororo, waya na raba za breki. Gololi ni za bei ndogo kuliko watu wanavyodhani, na ndizo zinazofanya baiskeli ionekane mpya ukiwa juu yake. Habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma kwa kawaida inakula gololi za robo inchi, 9 kila upande. Ya mbele ni 10 kila upande, ndogo zaidi, za 3/16. Osha vikombe, yaani pale gololi zinapokaa, kwa mafuta ya taa, futa, kagua kwa mwanga wa jua. Kama kikombe hakina mashimo, paka grisi, panga gololi mpya, funga. Usikaze mpaka mwisho. Ekseli izunguke kwa vidole viwili bila kucheza.

DadaWaNjiro
Kuhusu bomba la siti lililogoma: langu lilikuwa la alumini ndani ya fremu ya chuma, yakaumana kwa miaka. Kaka yangu alitaka kulipiga na nyundo, nikamfukuza. Nililaza baiskeli kichwa chini, miguu juu, nikatoa krenki (mikono ya pedeli) na ekseli yake ili nione ndani, nikamwagia mafuta ya kulainisha kutu kupitia huko chini, nikaacha ilale. Kesho yake nikanunua barafu zile za mifuko kwa jirani, nikazifunga na kitambaa kwenye bomba. Alumini ikipoa husinyaa kuliko chuma, ndiyo siri yenyewe. Siti ya zamani tukaifunga tena juu yake iwe mpini, mmoja kashika fremu, mwingine anazungusha kushoto kulia, siyo kuvuta. Likalia "kwaa" mtaa mzima ukasikia. Likitoka, paka grisi kabla ya kulirudisha, la sivyo utanikumbuka.

Bisibisi_Moshi
Umetaja krenki dada, hapo ndipo mafundi wengi wanaumbuka. Kikombe cha gololi za krenki, cha upande wa mnyororo, kwenye MTB nyingi kina nyuzi za skrubu za kinyume. Kufungua unazungusha kuelekea saa inakoenda. Pedeli ya kushoto nayo ni kinyume hivyo hivyo. Niliwahi kumpelekea fundi mmoja hapa mjini, akaongeza bomba kwenye spana akaninginia nalo upande wa kukaza, akaharibu nyuzi za fremu. Fremu nzima ikawa ya kutundika ukutani. Tangu siku hiyo naenda na baiskeli yangu na nakaa hapo hapo mpaka ikifungwa.

GololiMoja
😂😂 Pole mkuu. Ukimwona anaongeza bomba, mwombe akupe chenji yako uondoke.

ChaliiWaSakina
Mimi napingana kidogo na suala la rangi. Ukiacha chuma wazi na mvua za masika za huku, mwakani unarudi pale pale. Siyo lazima upige fremu nzima. Kwangua penye kutu tu kwa msasa, praima kidogo, rangi ya kopo inayokaribiana. Ina madoa, sawa, na wezi hawaitamani. Vidude vidogo vyenye kutu nililoweka kwenye siki usiku kucha, asubuhi nikasuuza kwa maji ya magadi kuua ile asidi, nikakausha juani na kupaka oili.

KijanaWaNgarenaro
Asanteni sana. Na breki? Zangu ni zile za zamani, waya mmoja unashuka katikati halafu unagawanyika kulia na kushoto.

MtelemkoWaMarangu
Hapa nisikilize vizuri, maana nashuka na yangu kutoka Marangu hadi Himo, na mteremko ule haukupi nafasi ya pili. Hizo ni kantileva. Zinashika vizuri tu ukiweka raba mpya na waya mpya. Kosa ni kununua mikono ya kushika ya breki za V (aina nyingine, waya wake unapita ubavuni) kwa sababu inang'aa. Mkono wa V unavuta waya mwingi zaidi, ukiufunga kwenye kantileva utaukuta mgumu na baiskeli haisimami.

Kubwa zaidi: waya mkuu ukikatika, ule waya mfupi unaounganisha pande mbili unaanguka juu ya tairi, meno ya tairi yanaudaka, gurudumu la mbele linagoma ghafla na wewe unapita juu ya usukani. Ndiyo maana nyingi zilitoka kiwandani na kishikio cha chuma cha taa ya kuakisi pale mbele, kinaudaka usianguke. Watu wanakifungua wanaona uchafu. Kama chako kipo, kiache. Kama hakipo, mwambie fundi akukunjie kipande cha bati nene.

Bisibisi_Moshi
Mnyororo nao usinunue kwa macho. Weka rula kwenye pini moja, hesabu hadi pini ya 24 baada ya hiyo. Ukiwa mzima ni inchi 12 kamili. Ukizidi kwa 1/16 ya inchi, badilisha. Ukizidi kwa 1/8, na meno ya nyuma yameshaliwa, mnyororo mpya utaruka tu.

KijanaWaNgarenaro
Swali la mwisho: tairi. Muuzaji anasema 26 ni 26, chukua yoyote.

GololiMoja
Hapana. Soma ubavuni, tafuta 559, ndicho kipenyo cha ringi kwa milimita. Ile iliyoandikwa 26 x 1 3/8 ni 590, ni kubwa, itapwaya kwenye ringi yako. Na tyubu za tairi nene usiogope, hata yenye viraka viwili vitatu twende nayo, solusheni ni bei ya chai na chapati.