Nyumba chini ya Karthala, Ngazija: ninunue au niache?

Bi Langoni (Lamu)

Assalam alaykum ndugu zangu. Nina jambo limenikaa moyoni tangu Idi, nataka mawazo ya wanaojua, si ya kutishana.

Mume wangu asili yake ni Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro. Watu wa Lamu wajua kwamba sisi na Wangazija tumechanganya damu zamani. Habib Swaleh mwenyewe, yule shekhe wa msikiti wa Riyadha hapa Lamu, alitujia kutoka huko. Sasa binamu ya mume wangu yuataka kuuza nyumba upande wa Hambou, kusini mwa mji mkuu, Moroni. Vyumba vinne, ghorofa ya juu haijaisha, na uani kuna birika kubwa la maji ya mvua. Bei ni karibu nusu ya nyumba kama hiyo Moroni mjini. Pesa ninazo, za kofia nilizoshona na za vyumba ninavyopangisha wageni. Nikizitoa hizo sina nyingine, na umri wa kuanza upya umenipita.

Kinachonizuia ni mlima. Karthala ni mlima wa moto, nao ungali hai. Mwaka 1977 lava ilishuka ikazika nyumba za kijiji cha Singani, na Singani ni huko huko Hambou. Nimetumiwa picha ya nyumba kwa simu: ukuta wa ua umejengwa kwa mawe meusi yenye vitundu vitundu. Nikamwuliza binamu yametoka wapi. Akasema, "Hapa hapa kiwanjani." Basi ni lava iliyoganda. Usingizi ukaniruka.

Mume wangu asema watu wamezaliwa, wameoana na wamezikwa pale na mlima uko juu yao, nami niliyezoea vilima vya mchanga vya Shela naogopa nisichokijua. Namjibu kwamba wenzetu wana mashamba na jamaa kila kijiji cha kukimbilia. Mimi nitakuwa na nyumba tu.

Aliyeishi karibu na mlima wa moto aniambie: mnapimaje?

Mzawa wa Moroni (Malindi)

Wa alaykum salaam dada. Nimezaliwa Moroni, nafanya biashara Malindi. Novemba 2005 nilikuwa nyumbani Karthala ilipolipuka, kwa hiyo nakuambia nilichokiona.

Haikuja lava mjini. Yalikuja majivu. Yalianguka laini kama unga, ukifagia yanapanda tena, ukitafuna chakula meno yanasaga mchanga. Lakini kilichotuumiza hasa ni maji. Ngazija haina mito ya kudumu; mvua ikinyesha mawe yanainywa yote, ndiyo maana kila nyumba ina birika linalojazwa na paa. Majivu yalipojaa paani yakateremka na mfereji mpaka ndani, na mabirika mengi hayakuwa na kifuniko. Watu wana nyumba nzima, haina hata ufa, na hawana maji ya kunywa.

Kwa hiyo kabla ya kutazama mlima, tazama hilo birika. Lina kifuniko? Bomba la kutoka paani waweza kulikata au kuligeuza majivu yakianza? Na hiyo ghorofa isiyoisha, paa lake ni bapa au lina mteremko? Majivu yakilowa huwa mazito sana, paa bapa litayabeba yote.

Jambo la pili, usipime umbali kutoka kileleni. Kilele kina mita 2,361 na wageni wote hukitazama hicho. Lava iliyofika Singani haikumwagika kutoka juu, ardhi ilipasuka ubavuni, chini zaidi, ikatokea hapo. Moroni kuna kituo cha wataalamu wanaoufuatilia mlima. Peleka mahali halisi pa kiwanja, uwaulize nyufa za zamani zimepita wapi na lava hufuata bonde gani. Mtu wa kuuza hawezi kukujibu hilo hata akiwa mwaminifu.

Halafu kuna makorongo. Majivu hukaa mlimani miaka, kisha mvua kubwa ikija huteremka pamoja na matope na mawe. Aprili 2012 mafuriko yaliingia Vouvouni, karibu na Moroni, ingawa mlipuko wa mwisho ulikuwa Januari 2007. Kama nyumba iko mdomoni mwa korongo, mimi singenunua kwa bei yoyote.

Dereva wa Barani

Nimebeba mizigo Goma, mashariki mwa Kongo, miaka mingi. Jumamosi jioni, 22 Mei 2021, Nyiragongo, mlima wa moto wa huko, ilipasuka na watu hawakuwa wameonywa. Lava ilisimama karibu na uwanja wa ndege. Mwaka 2002 ilikuwa imepita katikati ya mji mpaka ziwani. Ile lava ya Nyiragongo ni nyepesi mno, inakimbia, usiifananishe moja kwa moja na Karthala. Ila siku chache baadaye, matetemeko yakiendelea, serikali iliamuru sehemu kubwa ya mji ihame, na barabara ya kwenda Sake ikafurika watu wamebeba magodoro na kuku. Nilimpakia mama mmoja aliyeshika bahasha ya hati ya kiwanja kifuani. Kiwanja chenyewe kilikuwa chini ya mwamba, mipaka haionekani.

Dada yangu, uliza barabara ngapi zinatoka hapo kijijini. Ikiwa ni moja, na inakatiza bonde la lava, fikiria mara mbili.

Bi Langoni (Lamu)

Allah awalipe kheri. Nimempigia wifi yangu. Birika halina kifuniko. Korongo lipo, lakini ng'ambo ya barabara. Mume wangu ashika neno moja: tangu 2007 mlima umenyamaza.

Mzawa wa Moroni (Malindi)

Kunyamaza hakumlindi mtu. Baada ya 1977 ulikaa miaka 14 hadi 1991, kisha 14 tena hadi Aprili 2005. Halafu ndani ya muda usiotimia miaka miwili ulilipuka mara nne. Na 1903 watu 17 waliuawa na gesi, pasipo lava.

Bado kuna kitu hujauliza nami naona ni kikubwa kama mlima. Kwetu ardhi na nyumba nyingi ni za manyahuli, zinapita kwa wanawake, mama kwa binti, na haziuzwi na mwanamume peke yake. Binamu ni mwanamume. Waulize dada zake na mama yake mdogo, mmoja mmoja, wakiwa peke yao.

Bi Langoni (Lamu)

Hilo wifi alinong'ona, nikadhani ni ugomvi wao wa nyumbani. Basi pesa hazitoki. Nimemwambia mume wangu tukapange nyumba huko msimu wa mvua, tulione hilo korongo likiwa na maji, nami nikae na hao dada zake. Amekubali, kwa shingo upande. Mwenye kujua nyumba ya kupanga Mitsoudjé, huko huko Hambou, au karibu, kuanzia Januari, aniandikie.