Mteja anadai msimbo chanzo wa ruta tulizomuuzia: tumpe nini hasa?

fundi_changamwe
Asalaam aleikum wenzangu. Karakana yetu ya Changamwe imeuza ruta 120 kwa matatu na hoteli. Ndani mna OpenWrt (mfumo huria wa ruta, unaotumia Linux) kutoka kwenye kifurushi cha kiwanda cha Shenzhen, BusyBox (programu moja yenye amri nyingi za Linux), na programu yetu ya vocha iliyoandikwa kwa C. Msimamizi wa mitandao wa hoteli moja ya Nyali ametuandikia akitaka msimbo chanzo. Bosi asema nimtumie kiungo cha tovuti ya OpenWrt yaishe. Draiva ya Wi-Fi tulipewa kama faili la .ko tu, yaani iliyokwisha kujengwa, bila msimbo wake. Je, kiungo chatosha? Na programu yetu pia, itabidi tutoe msimbo wake?

mwana_kisauni
Hakitoshi, ndugu yangu. Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, na BusyBox ziko chini ya GPL toleo la 2, leseni huria inayomtaka anayesambaza programu atoe na msimbo wake. Kifungu cha 3 chadai msimbo kamili wa bainari (programu iliyokwisha kujengwa) ile ile iliyomo kwenye ruta aliyouziwa, pamoja na skripti za kuijenga na kuisakinisha. OpenWrt iliyoko tovutini haina viraka vya kiwanda (mabadiliko waliyofanya kwenye msimbo) wala mipangilio yenu. Kumwelekeza mteja kwa aliyekupa wewe kunaruhusiwa tu kwa asiyefanya biashara, nanyi mmeuza.

Kusanya .config (faili la mipangilio ya ujenzi), folda nzima ya dl (vyanzo vilivyopakuliwa), viraka vyote, na feeds.conf (orodha ya vyanzo vya vifurushi) yenye namba kamili ya git, yaani ya toleo hasa lililotumika, kwa kila chanzo. Hiyo ya mwisho ndiyo inayowaangusha wengi: bila namba, mfumo huvuta toleo jipya, na kinachojengeka si kile ulichouza.

Kisha jaribu kwenye kompyuta isiyo na kitu, zima intaneti, jenga, weka kwenye ruta. Andika `busybox` peke yake kwenye ruta uliyojenga na kwenye ile ya kuuza, ulinganishe toleo na orodha ya amri. Ikiwa ya kuuza ina `telnetd` na yako haina, basi .config uliyonayo siyo. Iliyo sahihi iko kwenye kompyuta ya mhandisi wa kiwanda, mdai.

bi_saada_tudor
Kuhusu programu ya vocha: ikiwa yajiendesha peke yake na kuzungumza na kerneli kwa miito ya kawaida ya mfumo, ni yenu. Tangazo la Linux-syscall-note kwenye leseni ya kerneli lasema hivyo waziwazi. Lakini angalia maktaba mlizounganisha:

`readelf -d vocha | grep NEEDED`

Ukiona libreadline, simama hapo hapo. Iko chini ya GPL yenyewe, si LGPL iliyo nyepesi zaidi, na itaivuta programu yenu nzima chini ya GPL. Iondoeni. Ukiwa huoni maktaba yoyote, mmeunganisha moja kwa moja ndani ya bainari. Ikiwa ni musl, maktaba ya msingi ya lugha ya C, leseni yake ni MIT yenye masharti mepesi, yatosha kuambatisha tangazo la hakimiliki. Ikiwa ni uClibc, maktaba nyingine ya aina hiyo iliyojaa kwenye vifurushi vya zamani, hiyo ni LGPL: mpeni mteja mafaili ya .o (vipande vya programu kabla ya kuunganishwa) ili aweze kuunganisha upya na maktaba aliyoirekebisha, au badilisheni mtumie maktaba za .so, zinazokaa nje ya bainari.

Kwa draiva, endesha `modinfo` juu ya lile faili, usome mstari wa license.

fundi_changamwe
Shukran sana. Yasema `license: GPL`. Na vocha imeunganishwa na libc.so pekee.

bi_saada_tudor
Vocha iko salama, kwani libc.so ni maktaba ya C inayokaa nje ya bainari yenu. Draiva ndiyo deni: wameitangaza GPL wenyewe, na kwa mteja mdaiwa ni nyinyi. Waandikieni mkitaja modeli na toleo la kifurushi, na msilipe oda ijayo kabla msimbo haujafika. Kama chipu ni ya MediaTek, jaribuni mt76, draiva huria iliyomo ndani ya OpenWrt, huenda msiihitaji yao kabisa.

mwana_kisauni
Ruta zijazo, tieni flashi yenye msimbo ndani ya kila boksi, au karatasi ya ahadi ya kutoa msimbo: idumu miaka 3 au zaidi, imhusu yeyote atakayeomba hata kama hakununua kwenu, na malipo yasizidi gharama ya kunakili na kutuma. Flashi naipenda zaidi, kwani ahadi itawabidi muitunze hadi ruta ya mwisho ifikishe miaka yake. Na mwambie bosi: chini ya kifungu cha 4, anayevunja masharti hupoteza haki ya kusambaza papo hapo. Programu za kompyuta zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kwa hiyo mwenye BusyBox ana pa kushtakia hapa hapa. Mjibu huyo wa Nyali leo, mtajie tarehe atakayopata msimbo.