"Mtoto si keshapimwa? Mnataka nini tena?"

Wakuu, mods msiunganishe uzi huu na mwingine. Yule bwana wa elimu maalumu pale halmashauri, mnamjua, wa miwani juu ya paji, leo mzazi wa mtoto asiyesikia vizuri kaulizia hatua inayofuata, kamjibu mbele ya foleni nzima: "Mtoto si keshapimwa? Mnataka nini tena?"

Keshapimwa! Kwani upimaji ni chanjo, ukishachomwa masikio yanafunguka?

Ripoti imeandika shimesikio mbili, yaani vile vifaa vya masikioni vya kukuza sauti. Kile kipande laini cha ndani hufinyangwa kwa umbo la sikio la mtoto. Sikio likikua kinalegea, mashine inapiga mluzi, mwalimu anachoka anaizima, mtoto anabaki kutazama midomo. Nani anakibadilisha? Betri namba 13, zile za stika ya chungwa, zinaanza kuisha stika ikibanduliwa tu, hata zikikaa kabatini. Nani kamwambia mzazi? Mpango binafsi wa ujifunzaji nao unataka mwalimu wa kitengo cha elimu maalumu na mzazi wakae, waandike malengo ya muhula na tarehe ya kuyapitia. Hayo ndiyo "nini tena"! Mbele ya foleni nzima!

Kobe_Mkavu: Gazeti lote hili, hujasema unataka afanyweje. Kunywa maji mkuu.

Mzalendo_wa_Foleni: Mwenzio kapimwa unalia, kuna wilaya watoto hawajawahi kuguswa hata na tochi ya sikio.

Mtoa mada: Kwa hiyo aliyepimwa anyamaze? "Mnataka nini tena" kweli jamani?

NuktaNundu6: Betri zinanunulika. Semeni Perkins, mashine ya kuandikia nukta nundu kwa wasioona. Kibonye cha nukta ya 4 kikikwama kisibonyee, c inatoka a, d inatoka e. Mtoto anasahihishwa amekosa tahajia kumbe mashine inataka fundi. Halafu mnampa karatasi ya fotokopi, akipitisha vidole mara chache nundu zimelala. Karatasi nene hakuna, mashine moja darasa zima!

Hesabu_Ngumu: Mtihani je? NECTA, Baraza la Mitihani, wanawaongezea wasioona dakika 20 kwa kila saa Hisabati, 10 kwa masomo mengine. Hisabati ya saa 3 inakuwa saa 4. Ila kwenye majaribio shule nyingi zinakusanya karatasi kwa wote pamoja, mtoto anafika siku yenyewe hajawahi kuzoea kugawa muda huo.

Kobe_Mkavu: Hapo sasa mmeongea.

Kofia_Pana: Na uoni hafifu mmetusahau. Walimu wanakuza A4 kuwa A3 wanadhani wamemaliza. Herufi ya ukubwa wa 12 inakuwa 17 tu, na karatasi imezidi dawati. Chapeni upya kwa 18 au 24, basi! Na mwenye ualbino msimketishe akitazama dirisha.

NuktaNundu6: Chapeni kwa wino gani? Toneri ya shule imeisha tangu muhula uliopita.

Hesabu_Ngumu: Toneri fungueni uzi wake, hiyo ina wenyewe.