Hugh Masekela: nianze na albamu zipi, na ile sauti yake nene naipataje?

Pulizo_Kavu

Wakuu, bendi yetu imepanga nyimbo tatu za Hugh Masekela, mpiga tarumbeta wa Afrika Kusini: "Grazing in the Grass", "Stimela" na "Bring Him Back Home". Mimi ndiye mpuliza tarumbeta, B-flati ya kawaida. Noti nazipata, lakini sauti inatoka kali na nyembamba, ya kwake ni nene na ina joto. Halafu kazi zake ni nyingi mno: kuna jazi tupu, kuna pop ya Marekani, kuna za Afrika Magharibi, kuna mbaqanga, muziki wa dansi wa nyumbani kwao. Nisikilize zipi, kwa mpangilio gani, ili nielewe alichanganya nini na nini? Na flugelihoni, ndugu ya tarumbeta mwenye sauti laini, ni lazima?

---

Marabi_Nne

Usianze na 1968, mwaka wa "Grazing", kama wengi wanavyofanya. Anza na bendi ya Jazz Epistles, Januari 1960, Johannesburg: Masekela kwenye tarumbeta, Jonas Gwangwa trombone, Kippie Moeketsi saksofoni ya alto, Dollar Brand (Abdullah Ibrahim wa baadaye) piano. Inahesabika kuwa albamu ya kwanza ya jazi ya bendi ya Waafrika weusi nchini humo. Hapo utamsikia kijana wa miaka 20 anayepiga bibopu, jazi ya kasi yenye noti nyingi, barabara. Machi mwaka huohuo yakatokea mauaji ya Sharpeville, polisi walipowapiga risasi waandamanaji, mikusanyiko ikabanwa, naye akaondoka: kwanza London, chuo cha muziki cha Guildhall, kisha New York, Manhattan School of Music.

Mafunzo ya darasani hayakuwa mwanzo wake. Alizaliwa Witbank tarehe 4 Aprili 1939. Tarumbeta ya kwanza aliipata akiwa na miaka 14 hivi kupitia Padri Trevor Huddleston wa shule ya St Peter's, na bendi ya vijana ya hapo baadaye ikatumiwa tarumbeta na Louis Armstrong mwenyewe. Kwa hiyo alipofika New York kupuliza alishajua. Shida ilikuwa kwamba mji ule ulijaa watu wanaopiga bibopu kumshinda. Akiwaiga, angebaki wa kumi katika foleni ya wenyewe.

Sikiliza basi jinsi alivyotoka kwenye foleni hiyo: "The Americanization of Ooga Booga", iliyorekodiwa mbele ya watu klabuni Village Gate katikati ya miaka ya 1960. Nyimbo za kusini mwa Afrika zinakaa pamoja na "Cantaloupe Island" ya Herbie Hancock na "Mas Que Nada" ya Brazil. Zingatia kundi zima ni wanne tu: tarumbeta, piano, besi, ngoma. Mchanganyiko wote uko kwenye mdundo na kwenye namna ya kukata sentensi za muziki, hakuna ala ya kigeni iliyoletwa kupamba.

Baada ya hapo:

1972, "Home Is Where the Music Is", pamoja na Dudu Pukwana na mpiga ngoma Makaya Ntshoko, Wamarekani Larry Willis kwenye piano na Eddie Gomez kwenye besi. Kwangu hii ndiyo kilele. Kama una muda wa albamu moja tu, ni hii.

1973, na Hedzoleh Soundz wa Ghana, kundi alilounganishwa nalo na Fela Kuti. Hapa jazi inarudi nyuma, ngoma za mkono zinashika usukani. Mwaka uliofuata "I Am Not Afraid", yenye "Stimela" ya kwanza.

1984, "Techno-Bush", iliyorekodiwa Botswana kwa studio ya kuhamishika. Mashine za ngoma, sinthesaiza, na mbaqanga chini yake. Wapenzi wa jazi huiruka. Usiiruke, maana "Bring Him Back Home" imetoka kwenye udongo huohuo.

1994, "Hope", rekodi ya jukwaani klabuni Blues Alley, Washington. "Stimela" ya humo ndiyo mtakayoipigia mazoezi.

---

VizuriPistoni

Nijibu la ala, maana Marabi_Nne amepita kando.

Sauti nene unayoizungumzia, hasa ya miaka yake ya baadaye, ni ya flugelihoni. Urefu wa bomba ni sawa na wa tarumbeta yako, vidole ni vilevile, tena B-flati. Tofauti ni kwamba bomba la tarumbeta sehemu kubwa lina upana uleule, la flugelihoni linapanuka karibu njia nzima hadi kwenye kengele, yaani mdomo mpana wa mbele. Kipulizio chake nacho ni kirefu kwa ndani, umbo la faneli. Ndipo ule ukali unapopotea.

Ukipata ya kununua au kuazima, angalia mambo haya kabla ya kulaumu midomo yako:

Shina la kipulizio. Mashina ya flugelihoni hayafanani, kuna yaliyo karibu kunyooka na kuna yanayochongoka. Lisilolingana ama litacheza ama litazama sana, na vyote viwili vinaharibu tyuni, si ya noti moja tu bali uwiano wa noti zote. Kwa sababu hiyohiyo usichomeke kipulizio cha flugelihoni kwenye tarumbeta ukidhani umepata njia ya mkato.

Kutyuni. Kwa kawaida hakuna mkono wa kuvuta kama wa tarumbeta. Unalegeza skrubu ndogo, unavuta bomba lote la mdomoni, unakaza tena. Anza na kama sentimita 1 nje. Pasha ala moto kwanza kwa dakika kadhaa, kwa sababu ikiwa baridi inashuka, utasukuma bomba ndani, na katikati ya wimbo wa pili utakuwa juu ya kinanda.

Noti za juu. Kuanzia G iliyo juu ya mistari, flugelihoni haikushiki mkono. Noti zinateleza. Chagua oktava ya chini kila unapoweza.

Nguvu. Hapa ndipo wapiga tarumbeta wengi hukosea. Hawajisikii jukwaani, wanasukuma pumzi, sauti inapasuka na ule unene wote unakwisha. Omba spika ya kurudishia sauti, sogeza maikrofoni hadi sentimita 15 au 20, iwe pembeni kidogo ya katikati ya kengele.

Huna flugelihoni? Tumia kipulizio cha tarumbeta chenye kikombe kirefu na ujizoeze wiki kadhaa. Utapata kama nusu ya safari. Kitavuta noti za juu chini, kwa hiyo rekebisha tyuni upya.

---

Kengele_Tu

Nyongeza mbili kuhusu "Grazing". Kwanza, mtunzi ni Philemon Hou, si Masekela, kwa hiyo mkichapisha orodha ya nyimbo andikeni jina lake. Pili, ilishika namba 1 Marekani Julai 1968, na wimbo ulioondolewa kileleni ulikuwa wa mpiga tarumbeta mwingine, Herb Alpert, ingawa pale aliimba.

Kiini chake ni kengele ya chuma, ile ya kugonga kwa kijiti, wala si tarumbeta. Mpeni mtu mmoja kazi hiyo asiifanye mpiga ngoma huku akiwa na kazi nyingine. Ikiyumba, wimbo wote unalala. Kasi mnayodhani ni sahihi huenda imezidi: hesabuni kutoka kwenye rekodi yenyewe.

---

Pulizo_Kavu

Asanteni sana. Mpiga gitaa wetu anataka kila kitu kwenye E au A. Na solo nijaze namna gani? Nikipiga mistari ya bibopu inasikika kama nimeingia wimbo usio wangu.

---

Marabi_Nne

Mkatalie, au afunge kapo, kile kibano cha shingo ya gitaa. E ya gitaa kwako, kwenye tarumbeta ya B-flati, ni F-shapu, shapu 6. A ni B, shapu 5. F ya gitaa inakupa G, na B-flati inakupa C.

Kuhusu solo, jizoezeni kwanza mzunguko wa marabi, ule muziki wa zamani wa vitongoji vya Afrika Kusini, vipimo vinne bila kikomo. Kwenye F: F, B-flati, F yenye besi ya C, kisha C7. Kipimo cha tatu ndicho kinachokosewa. Mpiga besi akibaki kwenye F badala ya kupanda C, inageuka kuwa wimbo wa kawaida wa akodi tatu na ule mvuto wa kuzunguka unapotea.

Juu yake usijaze. Masekela alikuwa mwimbaji, na sentensi zake zina urefu wa pumzi ya mwimbaji: noti tatu au nne, zirudiwe, kimya, kisha jibu. Noti moja akiigonga mara nyingi kwa midundo tofauti inamtosha. Zile noti zinazopanda kwa kuteleza zinatoka kwenye pistoni iliyobonyezwa nusu huku pumzi ikiendelea. Ukikata pumzi, unasikika umekosea kidole. Mistari mirefu ya bibopu ibaki miwili mitatu ya mwisho, pale bendi imeshachemka.

---

Kengele_Tu

Na "Stimela", kwa kuwa hamjaigusa. Ni treni inayowaleta vibarua kutoka nchi za jirani kwenda migodi ya Johannesburg. Mwanzo una masimulizi ya kusemwa, na mlio wa treni alikuwa akiutoa kwa koo lake. Msimamizi wa sauti ajue mapema, la sivyo atapunguza maiki akidhani ni kelele. Ngoma zisianze kwa nguvu: haihati na kengele tu, besi iingie baadaye. Solo ya flugelihoni ije baada ya kuimba, wala isitangulie. Mkiiruka sehemu ya masimulizi kwa kuokoa muda, afadhali mchague wimbo mwingine.