Bustani yetu ya sanaa inaugua, tunachangishaje?

Mtunza Bustani
Habari zenu wakuu. Tuna bustani ya sanaa ya jamii: sanamu za saruji zilizopambwa kwa vipande vya vigae, mabenchi yaliyochorwa na watoto, na katikati yake vitalu vya bluberi na stroberi. Sasa beri zinaugua. Majani machanga ya bluberi yamekuwa ya njano, mishipa tu ndiyo imebaki kijani. Stroberi zinaota ukungu wa kijivu na kuoza. Kamati inataka tuchangishe fedha za kununua miche mipya na kumlipa msanii atuongezee sanamu. Tukionyesha picha za mimea inayokufa, nani atatoa? Na tukizificha, si utapeli huo? Naombeni ushauri.

Jembe Kongwe
Sitisheni bajeti ya miche kwanza. Dalili hizo za bluberi ni za kukosa madini ya chuma, na mara nyingi chuma kimo udongoni ila mizizi haiwezi kukichukua kwa sababu udongo hauna tindikali ya kutosha. Bluberi hutaka pH (kipimo cha tindikali, namba ikipanda tindikali imepungua) ya 4.5 hadi 5.5. Sanamu ziko umbali gani na vitalu?

Mtunza Bustani
Mbili zimo ndani ya kitalu chenyewe. Kingo nazo ni za saruji.

Jembe Kongwe
Basi mshukiwa huyo hapo. Saruji ina chokaa, mvua inaiosha kidogo kidogo na pH inapanda. Maji ya bomba, kama ni magumu, yaani yana chokaa nyingi, yanaongezea. Pimeni udongo wa karibu na sanamu na wa mbali, mlinganishe. Ikiwa ni hivyo, miche mipya nayo itaugua vilevile. Unga wa salfa unashusha pH, lakini kazi hiyo hufanywa na bakteria wa udongoni na huchukua miezi, huku saruji ikiendelea kuharibu. Mimi ningehamishia bluberi kwenye mapipa yaliyotobolewa chini, maana mizizi yake haiendi mbali, na ningemwagilia maji ya mvua. Siki ya kushushia pH achaneni nayo, haidumu.

Stroberi ni kesi nyingine. Okoteni matunda yaliyooza, punguzeni msongamano, tandazeni nyasi kavu chini, msimwagie maji juu ya majani. Zikiwa na miaka mitatu au minne zimeshachoka, hizo ndizo za kubadilisha.

Lavenda Tupu
Kwani lazima beri? Lavenda haina shida na chokaa. Zungusheni hiyo kwenye sanamu, mambo yaishe.

Mhasibu Mstaafu
Mtunza Bustani, hayo mapipa ndiyo changizo lenu. "Tuokoe bustani" ni ombi lisilo na kikomo, mtu hajui fedha yake itafanya nini. Pipa moja lina gharama inayojulikana: pipa, udongo, mche, na malipo ya msanii wa kulichora. Mchangiaji achague lake, jina lake liwekwe kwenye kigae. Picha za majani ya njano zioneshwe, lakini pamoja na majibu ya kipimo. Watu hawamkimbii mgonjwa, wanamkimbia mgonjwa asiyejulikana anaumwa nini. Gharama ya kipimo isisubiri changizo, kamati ijichange yenyewe. Msiahidi mavuno. Fedha zikae kwenye akaunti yenye watia saini zaidi ya mmoja, na kila risiti ibandikwe watu waione.

Mkono wa Rangi
Msanii hapa. Asante kwa kukumbuka malipo, wengi hutuambia "utajulikana". Choreni nje ya pipa tu, na msitumie makopo ya rangi ya zamani yaliyosahaulika stoo. Rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, na hapo kuna watoto na matunda.

Mtunza Bustani
Nimewaelewa wote, hata wa lavenda. Tatizo limebaki moja: mwenyekiti ameshaitangaza ile sanamu mpya kwa wachangiaji.

Mhasibu Mstaafu
Ameshapokea fedha ya mtu? Kama ndiyo, itengwe na aulizwe mwenyewe kama anaridhia iende kwenye mapipa, asiporidhia arudishiwe. Kama bado, atangaze upya kabla ya hao watu hawajaanza kulipa.