Nyie wauza vidani wa "haipauki dada", shingo imenigeuka kijani harusini halafu eti jasho langu kali!

Wadau salaam, wakubwa shikamooni. Nipo Tanga hapa Makorora, huu uzi naandika usiku na hasira ziko palepale kwahiyo mkiona narukaruka mnivumilie.

Mdogo wangu kaolewa Jumamosi. Mimi ndo dada mkubwa, nimejipanga miezi mitatu, gauni la lesi rangi ya maziwa nimeshonesha kwa fundi kule Ngamiani, kiatu tayari, nywele tayari, ikabaki shingo. Nikaona kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni (jina sitaji, mwenyewe anajijua) seti ya kidani kipana cha majani majani na vipuli vyake, elfu sitini na tano. Chini ya picha kaandika kwa herufi kubwa DHAHABU YA KUCHOVYA, HAIPAUKI, HAICHUJI, OGA NAYO LALA NAYO. Na kavideo juu, anakipitisha kidani kwenye sumaku, sumaku haishiki, eti umeona kipenzi, hii siyo bati. Mi huyo nikatuma hela, nikatuma na ya basi, mzigo nikaufuata stendi ya Kange mwenyewe juani.

Siku ya siku nimevaa saa nane mchana. Joto la Tanga mnalijua, unakuwa kama umefunikwa blanketi lililoloa, na ukumbini feni mbili, moja inazunguka kwa huruma tu. Kufika saa kumi na moja nikaanza kuwashwa shingoni, nikasema ni lesi hii, ngoja nivumilie. Tukaingia na bi harusi, vigelegele, tunacheza, nikishika shingo vidole vinateleza. Shangazi yangu akanivuta pembeni ya meza ya keki, akanipangusa na kitambaa chake cha mkononi, akanionyesha. Mstari wa kijani. Kijani kile cha sufuria ya shaba iliyosahauliwa nje na mvua ikainyea.

Akanambia, "Mwanangu kavue hicho, unaota ukungu."

Nikakimbilia chooni. Kwenye kioo najiona nimepigwa mhuri, jani moja moja la kile kidani limejichora shingoni, na katikati ya majani vipele vyekundu vidogo vidogo kama vya harara. Na pale ukosini kwenye lesi yangu ya maziwa, weusi. Picha zote za familia nimeinamisha kidevu kama mtu anayetafuta shilingi iliyodondoka.

Jumapili nikamwandikia muuzaji kwa adabu kabisa, nikamtumia na picha. Kanijibu: "Pole kipenzi, hilo jasho lako lina asidi kali, wateja wangu wengine hawajalalamika." Nikamuuliza sasa mimi nifanye nini, akasema labda ulijipulizia pafyumu. Nikamwambia dada wewe si ndo umeandika oga nayo lala nayo, yani nikoge nayo lakini nisinukie? Kanibloku. Hapohapo.

Jumatatu nikakibeba hadi kwa babu mmoja sonara Ngamiani, mzee wa siku nyingi, ndo aliyemkarabatia bibi yangu mkufu wake. Shikamoo babu, marahaba mwanangu, leta nione. Akakigeuza, akachukua tupa ndogo akakwaruza nyuma ya jani moja mara mbili, ile dhahabu ikaisha. Mara mbili jamani! Chini yake pakatokea weupe weupe, akakwaruza tena ikaja shaba nyekundu yenyewe. Akanambia huo weupe ni nikeli, wanaiweka katikati ili rangi ya juu ikae vizuri na ing'ae, hiyo ndo inayokuwasha wewe. Shaba nayo ikikutana na jasho lenye chumvi inatoa ule ukijani, na ukijani wenyewe ukikosha na sabuni unatoka hauna shida, shida ni ile nikeli maana mwili ukishaikataa mara moja ndo basi, kila ukiigusa utawashwa.

Nikamuuliza sasa mbona sumaku haikushika. Babu akacheka, akachukua sumaku yake akaigusisha kwenye kitasa cha shaba cha kasha lake la zana, haikushika vilevile. "Na kasha langu ni dhahabu?"

Nimejisikia mjinga, wallahi. Shaba haishiki sumaku, fedha haishiki, hata sufuria ya aluminiamu ya jikoni kwako haishiki. Sumaku ikishika ndo unajua kuna chuma au nikeli nyingi humo, isiposhika hujajua kitu. Na hao wenye vivideo wanalijua hili vizuri sana.

Na hii habari ya jasho imeniuma kuliko hela. Sawa, majasho hayafanani, babu mwenyewe kakiri wapo watu kitu kinawaharibikia haraka kuliko wengine. Lakini jasho haliumbi shaba! Shaba ilikuwemo mle tangu kiwandani, jasho langu limeifumania tu.

Mimi sipingi kitu cha kuchovya, tusielewane vibaya, dhahabu kamili gramu moja tu bei yake unaijua, nani anaweza kila harusi. Ninachotaka useme umechovya nini na umechovya nene kiasi gani. Marekani kile wanachokiita vermeil lazima ndani iwe fedha na dhahabu ya juu isipungue unene wa maikroni 2.5 (maikroni ni milimita moja ukiigawa mara elfu), ikipungua huruhusiwi kuliita hilo jina. Ulaya tangu 1994 wana sheria ya kubana nikeli kwenye vitu vinavyokaa kwenye ngozi. Huku kwetu mtu anachovya kitu chembamba kuliko utando wa chai halafu anaandika gold, nukta. Hata ile stenlesi mnayoisifia ina nikeli ndani, ila yenyewe imeshikiliwa haitoki hovyo, ndo maana wengi wanaivaa hawawashwi. Ukiniambia dada hii ni stenlesi nitakuheshimu na nitanunua.

Na mhuri muuangalie, kwenye kifungo au kile kibati kidogo pembeni yake. 750 ni dhahabu karati 18, 875 ni karati 21, 916 ni 22, na 925 ni fedha siyo dhahabu, msije mkauziwa kwa kuona tu kuna namba. Changu hakikuwa na namba yoyote, kimeandikwa FASHION. Haya, hapo nilitaka nini tena, najilaumu.

Kingine cha vipimo. Kwenye picha kidani kimelala vizuri chini ya mfupa wa shingo, kuja kukivaa kimenikaba kooni kama pingu. Nimekuja kukipima na futi ya fundi, inchi 14! Nyie wauzaji andikeni urefu. Inchi 16 kwa shingo nyembamba inakaa chini ya koo, kwa sisi tuliojaaliwa inakuwa kola, bora 18 au kiwe na kale kamnyororo ka kuongezea nyuma. Na ukiwa mvaaji wa mtandio hicho kifupi cha nini, kinafunikwa chote unabaki unawashwa bila hata sifa, chukua mrefu wa inchi 28 kwenda juu uje juu ya mtandio. Gauni langu lilikuwa la shingo ya V, lilitaka kitu chembamba chenye kidude cha kuning'inia kikafuata ile V, siyo lile zulia nililojibandika. Hili la mwisho siwalaumu nyie, ni ushamba wangu.

Kabla hamjaanza kuniuliza nakitunzaje: hiki nimekivaa saa tano tu maishani, hakijatunzwa hakijatupwa. Lakini nakubali huko nyuma nimeua vyangu vingi kwa mikono yangu, kuna kicheni cha fedha nilikuwa naogelea nacho Raskazone, kumbe maji ya chumvi nayo ni adui. Bibi yangu mkufu wake anauvaa mwisho kabisa, baada ya mafuta, baada ya udi, baada ya manukato kukauka, na akirudi ndo kitu cha kwanza kuvua, hata viatu bado. Anaufuta na kipande cha kanga laini kuukuu, anaufunga kifungo usije ukajisokota, anautia kwenye kimfuko chake peke yake. Cheni ikipiga fundo anainyunyizia poda ya mtoto, anaifungua na pini mbili taratibu, havuti. Nilikuwa namcheka. Siku ya harusi yeye shingo inawaka kama taa, mimi niko chooni najisugua na sabuni ya kipande.

Hela yangu nimeshaisamehe, siyo kwa roho safi lakini nimeisamehe. Kidani kiko hapa mezani kwenye mfuko wa nailoni, nikikiangalia nawashwa upya. Ninachotaka leo ni kimoja, yule anayejua namna ya kutoa weusi wa shaba kwenye lesi anambie, nimejaribu limao na chumvi umefifia ila haujatoka, jiki naiogopa, na gauni lenyewe nimeshamkodishia rafiki yangu alivae Ijumaa hii, na habari ya huo weusi bado sijamwambia.